Siku Tuliyokwenda Kuchagua Shule

Siku ile tulikuwapo mimi, mdogo wangu Zuwena, mdogo wetu wa mwisho Nassor, bibi yetu Bi Zayana, Ami Suleiman aliyetuendesha kwa gari lake, na mwalimu mkuu wa ile shule ya Qurum, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa mnyororo. Mama na baba hawakuwapo. Walikuwa wamekufa miezi michache nyuma kwenye barabara ya Qurayyat, wakitoka kumtazama mgonjwa, na kutokuwapo kwao ndiko kulikotufikisha pale. Nawataja wote waliokuwamo chumbani kwa sababu kila mmoja wetu alitoka akidhani ameliona jambo lile lile aliloliona mwenzake, na haikuwa hivyo.

Harufu ya chumba kile ninayo mpaka leo. Dawa ya sakafu yenye limau, karatasi mpya, na ubaridi wa kiyoyozi ambao mtu akiuvuta puani unauma kidogo. Kwetu hakukunuka hivyo. Nyumba yetu ilikuwa Mawaleh, karibu na soko la mboga na matunda wakati soko lilipokuwa bado pale, na hewa yetu ilikuwa ya kotmiri, vitunguu na maboksi ya mbao yaliyolowa. Nilipoivuta ile harufu ya limau nilijiambia moyoni kwamba hivi ndivyo inavyonuka shule ya kweli, na yangu niliyokuwa nikisoma miaka yote ile nikaiona ya bandia.

Shule tuliitafuta kwa ajili ya ahadi. Baada ya hitma walikuja nyumbani watu wawili kutoka kampuni aliyokuwa akifanyia kazi baba, wakakaa na Ami Suleiman, ndugu yake baba, wakanywa kahawa na kula tende, kisha wakasema walichokuja kusema. Kampuni italipa ada ya watoto wa marehemu katika shule yoyote ya binafsi tutakayoichagua, mpaka wamalize. Lakini ni ada peke yake. Gari la kwenda na kurudi, vitabu, nguo za shule, hayo juu yetu. Na mtoto akibaki shule ya serikali, ambayo haina ada, basi hana cha kulipiwa. Bibi aliwaombea dua ndefu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na birika, na neno nililoondoka nalo ni kwamba tutachagua.

Nilijua kuchagua ni nini, kwa sababu baba alikuwa akinichukua Matrah kununua samaki. Hakuwa na haraka. Alifunua mashavu ya samaki akatazama wekundu wake, akabonyeza mgongo, akamwambia muuzaji, "Huyu wako amelala hapa tangu jana," akaenda zake meza nyingine huku muuzaji akimwita kwa nyuma na kupunguza bei. Nilidhani na shule itakuwa vivyo hivyo. Tutaingia, tutachungulia madarasa, tutakalia viti, tukiona hapatufai tutaondoka na wao watatukimbilia mpaka kwenye gari.

Mimi mwenyewe sikuwamo katika safari ile ila kama msindikizaji. Nilikuwa nimeshafika darasa la nane kwenye shule ya serikali, na Kiingereza changu kilikuwa cha kusalimia na kuhesabu. Ami Suleiman aliniambia kwa upole, "Wewe umeshapita, mwanangu. Tuwaangalie hawa wadogo." Sikuona ubaya. Mtoto wa kwanza kazi yake ni kuwashika wenziwe mkono, na mimi kazi hiyo niliipenda kuliko hesabu.

Kwa hiyo nilimwandaa Nassor. Alikuwa na miaka sita, na nilimwandaa kwa lile tulilofunzwa wote nyumbani. Kwetu mtoto mdogo hamjibu mtu mzima asiyemzoea ikiwa mkubwa wake yupo. Akiulizwa, anainamisha macho na kungoja, na aliyemtangulia kuzaliwa anajibu kwa niaba yake. Bibi alikuja na desturi hiyo huku nchi ya Waarabu kutoka Unguja na hakuilegeza hata siku moja. "Mtoto akidakia maneno mbele za watu," alikuwa akisema, "watu hawamwulizi yeye. Wanauliza, huyu nani kamlea?" Baada ya mama kufa swali hilo lilikuwa zito zaidi. Nilishawasikia wanawake wawili dukani wakinong'ona kwamba wale watoto sasa watakuwa kama kuku wa mitaani. Niliapa kwamba shule ile ya Qurum itaona watoto waliolelewa.

Nassor hakunipa tabu. Alikuwa mtoto wa kutazama. Kati ya barabara mbili karibu na nyumba yetu palikuwa na mzunguko wenye majani yaliyomwagiwa maji asubuhi na jioni, na yeye alikuwa akisimama dirishani kuangalia ndege waliotua pale kudonoa. Kisha anakuja jikoni kuniletea habari kama mtu aliyetoka kazini. "Dada, hudihudi amerudi. Leo yuko na mkewe." Jina hilo alifunzwa na Bibi, na alilitamka kwa uangalifu. Tukiwa sisi kwa sisi alikuwa na maneno yake, machache na yaliyotimia.

Zuwena ndiye aliyetutia hofu. Alikuwa na miaka minane na mdomo wa mtu wa arubaini. Bibi alimwita redio. Asubuhi ya safari, akiwa anamsuka nywele, alimwonya: "Leo nakwambia mapema. Ukifungua mdomo wako mbele ya yule mwalimu, nnakuacha huko huko Qurum, matajiri wakulee."

"Wana bwawa la kuogelea, Bibi?"

"Zima redio."

"Nauliza tu. Kama wana bwawa, niache."

Nassor alicheka kwa kuficha uso kwenye kanzu ya Ami Suleiman. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikimtazama Zuwena na kuwaza kwamba huyu ndiye atakayetuharibia.

Mwalimu mkuu alitukaribisha vizuri. Alituweka kwenye viti vya ngozi, akampa Bibi maji, akaniuliza mimi mambo mawili matatu kwa Kiarabu nikayajibu. Kisha akaja akainama mbele ya Nassor mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto.

"Jina lako nani, habibi?"

Nassor akainamisha macho. Alifanya vile vile nilivyomfunza, nami nikahisi kifua kimenijaa. "Jina lake Nassor," nikasema.

"Nassor, una miaka mingapi?"

"Sita," nikasema.

"Na nyumbani unapenda kucheza nini?"

"Hachezi sana. Mtulivu huyu."

Yule mwanamke akanitazama, akatabasamu. "Mashallah, dada mzuri. Lakini namuuliza yeye."

Nilisikia sifa. Maneno yaliyobaki yalinipita kama upepo. Nikamgeukia Nassor nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Vizuri. Inamisha kichwa zaidi."

Akainamisha. Mwalimu akachukua kadi kwenye meza, kadi ngumu zenye picha, akachagua moja na kumwekea karibu na magoti ili aione hata akiwa ameinama. Kutoka nilipokaa niliiona kwa upande, mdomo na bawa. "Na huyu je? Huyu ni nani?"

Nassor aliinua uso. Alifungua mdomo. Naiona midomo yake mpaka leo, ilivyojikusanya kwa herufi ya mwanzo. Kisha, kabla sauti haijatoka, akanitazama mimi. Nilidhani amekwama na anaomba msaada.

"Ndege," nikasema.

Akafunga mdomo.

Ilipofika zamu ya Zuwena hakungoja kuulizwa. Kwa Kiarabu kilichochanganyika na Kiswahili alimwuliza mwalimu kwa nini ameifunga miwani yake mnyororo, je, inakimbia? Bibi akamfinya pajani. "Ananifinya!" Zuwena akamshtakia mwalimu, kama watu waliojuana siku nyingi. Yule mwanamke alicheka mpaka akaivua miwani, akamvisha Zuwena, na Zuwena akazunguka nayo chumba kizima akisoma mabango ukutani kinyume nyume na kubuni maneno pale aliposhindwa. Akaulizwa maswali mengi, akajibu na yale asiyoyajua. Nilitamani sakafu ile ya limau ifunguke.

Tulipokuwa tunatoka nikakumbuka kwamba hatujachungulia darasa hata moja wala kukalia kiti cha mwanafunzi. Nikamwambia Ami Suleiman. Akasema, "Wao wanatazama kwanza, mwanangu." Sikumwelewa, na sikuuliza.

Garini Bibi alimkalisha Nassor mbele, mapajani kwake. "Umetupa heshima, mwanangu. Baba yako angekuona leo." Ami Suleiman alisimamisha gari akamnunulia askrimu. Zuwena hakununuliwa kitu. Alikaa nyuma nami, akiwa ameuficha uso dirishani, na mimi nilikuwa nikimkemea njia nzima. Nassor aliishika askrimu yake bila kuila, ikayeyuka ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Dada," aliniuliza, "nimefaulu?"

"Umefaulu," nikamwambia. "Wewe umefaulu zaidi ya wote."

Majibu yalikuja baada ya siku chache. Ami Suleiman alifika kwetu baada ya swala ya alasiri na hakukaa. "Wamemchukua Zuwena," alisema.

"Na Nassor?" Bibi akauliza.

"Nassor wanasema bado. Wanasema mtoto hazungumzi. Wamesema tumpeleke kwa daktari wa masikio."

Nilimwambia wamechanganya majina. Nilisema kwa uhakika kabisa, na hata nilimwonea huruma yule mwalimu mkuu kwa makosa hayo. "Wapigie tena, Ami. Zuwena ndiye aliyekuwa hana adabu. Wamekusudia Nassor."

Aliwapigia pale pale, amesimama, ametugeuzia mgongo. Alisikiliza sana na kusema kidogo. Alipoweka simu aligeuka akanitazama mimi, si Bibi.

"Hawakuchanganya," alisema.

Bibi akauliza: "Kwani wale wanataka watoto au kasuku?"

Daktari wa masikio alisimama nyuma ya Nassor akanong'ona jina lake, na Nassor akageuka kabla hajamaliza. Alituambia mtoto huyu anasikia mpaka ya nyumba ya pili. Shule nyingine tuliyojaribu ilikuwa imejaa. Nyingine ilisema mtoto aliyekataliwa mahali lazima apimwe tena mwakani. Mwaka huo ulipofika Nassor alikuwa ameshaandikishwa shule ya serikali karibu na nyumbani, na ahadi ya kampuni kwake ilibaki kama nguo ya sikukuu iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Na shule yangu? Hakuna aliyeniambia niache shule. Ada ya Zuwena ililipwa, lakini gari la shule hatukuliweza. Asubuhi Ami Suleiman alimchukua kwa sababu kazi yake ilikuwa njia ile, ila kurudi alikuwa hana mtu. Nassor alitoka mchana, Zuwena alitoka alasiri huko Qurum, na Bibi miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Lazima awepo wa kumpokea mmoja, kupika, na kupanda teksi kwenda kumchukua mwingine. Bibi alisema, "Pumzika mwezi huu mmoja, tuone." Nilipumzika. Vitabu vyangu niliviweka juu ya kabati navyo vikapumzika. Sikulia. Nilijiambia nimepewa nyumba na nitaishika, nikaishika kweli, mpaka Bibi alipofariki na baada ya hapo pia.

Nilikuwa nikimsubiri Zuwena nje ya geti la shule ile, kwenye kivuli cha ukuta, miongoni mwa madereva. Alitoka akiimba nyimbo za Kiingereza. Njia nzima alinisimulia, na sikuwa na la kumkemea tena. Nassor tulimkuta nyumbani amekaa dirishani. Shuleni kwake walimu walikuwa wakimsifu kwa upole wake na kumweka nyuma. Mtoto asiyesumbua haitwi mbele. Alimaliza, akapata leseni, na sasa ana lori lake la kusambaza mboga. Ni mtu mwema, anayetegemewa na wengi, na maneno yake hayafiki mbali na mlango wa nyumba. Siku ya ndoa yake, sheikh alipomtaka aseme kwamba amekubali, alinyamaza watu wakaanza kutazamana. Sisi wanawake tulikuwa chumba kingine. Ami Suleiman alinihadithia baadaye kwamba bwana harusi alikuwa akitazama mlangoni, kama anayengoja mtu aingie.

Juzi juzi Zuwena alinipigia simu kutoka Marekani, anakoishi na mumewe na mwanawe Idris. Alikuwa na furaha. "Dada, huku jimbo letu wanatoa hati ya ada. Unaichukua, unampeleka mtoto shule yoyote ya binafsi unayoipenda, serikali inalipa. Mzazi ndiye anayechagua!"

"Na shule isipomtaka?"

"Idris? Dada, huyu hanyamazi hata usingizini. Watamtaka."

"Na asiyesema?"

Zuwena akinyamaza mtu huhisi simu imekatika.

"Asiyesema anabaki shule ya mtaani kwao," alisema mwishowe. Kisha akauliza kwa sauti nyingine, "Nassor hajambo?"

Hajambo. Nassor ana binti, Raya, ambaye ametimiza miaka sita, na mwezi uliopita alinipigia kuniambia amempatia miadi kwenye shule moja ya binafsi. "Njoo na sisi, Dada," alisema. Hakusema kwa nini, na hakuhitaji kusema.

Si shule ile. Lakini mlango ulipofunguliwa harufu ilikuwa ile ile ya limau, na ubaridi ukaniuma puani. Tulikaa kwenye viti, Nassor katikati, mikono yake mikubwa ya kubebea maboksi ameikunja magotini. Mwalimu alikuwa msichana mwenye hijabu ya kijivu na sauti ya kirafiki. Raya alijibu kila alichoulizwa, na mimi nilikaza meno kama mtu aliyeko kwa daktari. Sikutia neno. Nilijivunia hilo.

Mwalimu aliweka kalamu chini akamgeukia Nassor. "Na wewe, baba. Unamtakia nini binti yako?"

Nassor alifungua mdomo. Kisha akanigeukia.

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu kumi. Nikainamisha macho yangu mimi, nikaangalia sakafu, ili asinione nikiwa tayari. Kiyoyozi kilinguruma. Nilisikia anavuta pumzi, nikasikia anaitoa, na ndani yake hamkuwa na kitu. Nilihesabu vigae, nikiomba.

"Baba anataka nisome karibu na nyumbani," Raya akasema, "ili awahi kunichukua mchana. Na anapenda nikimsomea."

Mwalimu alicheka, akampigia makofi. Nassor alitabasamu na kuinamisha kichwa. Alikiinamisha vizuri sana.

Tulirudi kwa lori lake, Raya amekaa katikati yetu, nyuma yetu harufu ya nyanya za asubuhi. Wamemchukua, tuliambiwa pale pale. Raya alikuwa akirusha miguu.

"Mwalimu amekuonyesha picha gani?" Nassor akamwuliza.

"Ngamia. Na tufaha. Na meli."

"Mimi nilionyeshwa hudihudi."

Alisema akitazama barabara, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniletea nayo habari jikoni. Tangu siku ile, miaka yote hii, hakuwahi kuitaja picha hiyo mbele yangu.

"Ukamjibu?" Raya akauliza.

Nassor alibadilisha gia. "Shangazi yako alijibu," alisema.

Hakuwa na hasira. Ningetamani angekuwa nayo. Aliwasha taa ya kukatia kushoto, tukaingia mtaani kwetu, na mimi nikatazama mikono yangu. Nimewalisha wale wawili, nimewavusha, nimewaoza. Watu wanaponisifu kwa hayo huwa naitikia, kwa sababu ni kweli. Lakini kuna zamu moja ya kusema, ya mtoto wa miaka sita aliyelijua jina la ndege, ambayo niliichukua kwa upendo na sijui inarudishwa vipi. Bado iko kwangu.